Kitovu kilichonifungia mabaraza: uzoefu wangu wa kuunganisha BBS ya Mwanza na mtandao wa ujumbe

Wakuu, naandika hili nikiwa na hasira na sitaificha. Kuiunganisha BBS (kompyuta ya mtu ambayo wageni huingia kusoma na kuacha ujumbe) na mtandao wa ujumbe unaofuata taratibu za FidoNet, yaani BBS kupelekeana ujumbe, ni jambo bora kuliko yote unayoweza kuifanyia BBS ndogo ya huku kwetu yenye wageni wachache. Programu zake ni za bure na zinafanya kazi. Aliyeniharibia ni msimamizi wa kitovu nilichopangiwa, ile mashine inayokusanya ujumbe na kuzigawia BBS nyingine. Simtaji yeye wala mtandao wake. Alichokifanya nitakieleza chote, maana yeyote wa Kirumba, Igoma, Sengerema au Ukerewe anayetumia intaneti ya laini ya simu anaweza kukutana nacho.

Hali yetu inajulikana. Ukiweka laini kwenye ruta, anwani ya IP unayopewa mara nyingi si yako peke yako. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uangalie anwani ya upande wa nje, WAN. Ikiwa ni kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, au inaanza na 10, ujue mnagawana anwani moja ya nje wateja wengi. Kufungua poti 24554 (mlango wa kupokelea ujumbe) kwenye ruta hakutakusaidia, kwa sababu simu ya kutoka nje, yaani mashine nyingine kujiunganisha na yako kupitia intaneti, inakwama kwa mtoa huduma kabla haijaifikia ruta yako. Wewe kupiga kwenda nje, hakuna shida yoyote.

Na kupiga kunatosha. Binkp, ile protokali ya kubebea ujumbe, ikishaunganika inapitisha mizigo pande zote mbili ndani ya simu ile ile, haijalishi aliyepiga ni nani. Ni sawa na mzigo uliotumwa kwa basi: hauletwi mlangoni, unaufuata stendi ya Nyegezi na unaukuta. Kitovu kinachotakiwa kufanya ni kimoja tu, kukuwekea mzigo mpaka uufuate.

Usanidi wenyewe si mgumu. Kwa kubeba natumia programu ya binkd kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na kwa kuchambua na kufungasha natumia hpt ya Husky. Wenye programu za BBS za Mystic au Synchronet kazi zote mbili zimo humo humo, ila mantiki ni ile ile. Tuchukue anwani ya mfano, kitovu kiwe 900:1/100, yaani zoni, mtandao, na nodi (mashine yenyewe). Kwenye binkd.conf unaandika mstari wa node wenye anwani hiyo, jina la mashine ya kitovu pamoja na poti, kisha nywila. Kupiga ni amri ya binkd -p -P 900:1/100 ikifuatiwa na jina la faili la usanidi, unaiweka kwenye cron, ratiba ya mashine, kila nusu saa. Hiyo -p ndogo usiisahau: inaifanya programu ipige, imalize, itoke. Bila hiyo itabaki imekaa inasubiri simu za nje ambazo kwa laini zetu haziji.

Nywila ni tatu, na hapa ndipo wengi wanapotea: ya simu, ya paketi (furushi la ujumbe) na ya Areafix. Ya paketi mwisho wake ni herufi 8, kwa kuwa nafasi iliyotengwa kwenye kichwa cha paketi ni baiti 8. Ukipewa neno refu la kutumia kote, omba fupi. La sivyo simu itapita vizuri, logi (kumbukumbu ya kazi za programu) itaandika OK, na paketi zako zitatupwa kwenye folda ya mbovu upande wa pili bila wewe kuambiwa kitu. Areafix nayo ni karani wa mashine anayekufungulia mabaraza, yaani vikundi vya mazungumzo. Unamwandikia barua kwenye anwani ya kitovu, nywila unaiweka kwenye mstari wa mada, ndani unaandika %LIST upate orodha, kisha barua ya pili yenye alama ya kujumlisha na jina la baraza, kila baraza mstari wake. Anza na mabaraza matatu au manne. Maandishi yakifungwa ni madogo, hayatakumalizia bando. Bando linamalizwa na mabaraza ya mafaili, na kwa %RESCAN isiyo na kikomo inayokuletea ujumbe wa zamani wote kwa mkupuo.

Yote hayo yalikubali. Ujumbe ulikuwa unamiminika, wa watu wa redio, wa watu wa kompyuta za zamani, raha tupu. Halafu ukakatika.

Logi ya binkd mwisho wa kila simu inaandika mstari wa done, neno OK, kisha S/R na namba mbili. Ya kwanza ni mafaili uliyotuma, ya pili ni uliyopokea. Yangu ikawa 1/0. Halafu 0/0. Halafu 1/0 tena, simu baada ya simu. Nywila zinakubalika, mzigo wangu unapokelewa, kinachorudi hakuna. Ukiona hivyo usianze kubomoa usanidi wako kwa hofu. Mwandikie Areafix neno moja, %QUERY. Jibu likifika kwenye simu inayofuata, njia ya kurudi ni nzima, tena jibu lenyewe litakuambia kama kiungo chako kimesimamishwa. La kwangu lilisema kimesimamishwa.

Sababu yake inakera mpaka leo. Msimamizi alikuwa ameweka mzigo wangu kwa mtindo wa crash, yaani mashine yake inipigie mara tu mzigo unapokuwa tayari. Mashine ikapiga anwani isiyopigika, ikashindwa, ikapiga tena, ikashindwa. Kisha kuna skripti yake inayohesabu simu zilizoshindwa. Ikifikia kiwango chake, inamsimamisha mtu kwenye mabaraza yote. Huku kwangu mashine inampigia kila nusu saa, inaacha mzigo, inachukua mzigo. Skripti haikulihesabu hilo hata kidogo. Ilihesabu simu zake yenyewe tu, ikaamua kwamba nimekufa.

Dawa ni maneno mawili. Kwangu mimi ni %RESUME kwenye barua ya Areafix. Kwake yeye ni kubadilisha crash kuwa hold kwenye mstari wangu, asipofanya hivyo skripti itasimamisha tena baada ya siku chache, na kweli ilisimamisha. Nikamwandikia kwa heshima zote, nikamwekea vipande vya logi vinavyoonyesha simu zangu na zake, nikamwambia neno la kubadilisha liko wapi. Akajibu kwa mistari miwili: mfumo usiopigika si mfumo, na nirudi nitakapokuwa na intaneti ya kweli. Simu iliyofuata ikarudi na kosa la nywila. Alikuwa ameshanifuta.

Intaneti ya kweli! Hii tuliyonayo ndiyo iliyompigia mchana na usiku bila kukosa.

Tuliache suala la adabu. Kiufundi amekosea. Orodha ya nodi, ile iitwayo nodelist, ina maneno maalumu ya kuanzia mstari: Zone, Region, Host, Hub, na pia Pvt, Hold na Down. Pvt ni nodi isiyopigiwa moja kwa moja, ujumbe wake unapitia kitovu, na mahali pa namba ya simu panaandikwa -Unpublished-. Kwa maneno mengine, walioutengeneza mfumo huu walishawawekea watu kama sisi nafasi rasmi. Tom Jennings alipouanzisha FidoNet mwaka 1984 kule San Francisco, BBS nyingi zilikuwa chumbani kwa mtu, laini moja ya simu, modemu moja, na zinapigiana usiku gharama ya simu ikishuka. Kuhifadhi kwanza na kupeleka baadaye ndiyo roho yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti haijaenea, njia hii hii ndiyo iliyobeba barua pepe za mashirika mengi ya Afrika, Nairobi ikiwemo, kupitia simu za modemu kati yao na GreenNet ya London. Laini mbovu, umeme wa kubahatisha, na barua zilifika. Leo mtu anayeendesha kitovu cha teknolojia hiyo hiyo anamwambia mtu wa Mwanza kwamba asiyepigika si mfumo. Hajui anachokiendesha.

Kama kuna jambo ambalo angeweza kulalamikia kwa haki ni umeme wetu, na hilo sitalipindisha. Umeme ukikatika katikati ya simu, binkd inaacha faili za kufuli kwenye folda ya mizigo ya kutoka. Kwa kitovu cha 900:1/100 utazikuta ndani ya folda kama outbound.384, zinaitwa 00010064.bsy na 00010064.csy. Hizo namba ni zoni, mtandao na nodi kwa hesabu ya kumi na sita, hakuna uchawi. Umeme ukirudi, programu inaiona kufuli, inadhani kuna kazi inaendelea, haipigi. Unaweza kukaa siku nzima ukidhani kitovu kimekufa. Weka kill-old-bsy, inayofuta kufuli za zamani, kwenye usanidi, na bora zaidi weka amri ya kufuta .bsy na .csy zote kila mashine inapowaka, kabla binkd haijaanza. Kabla, nasisitiza. Ukizifuta katikati ya kazi utaharibu furushi linaloandikwa.

Jambo lingine ni saa. Raspberry Pi hadi ya 4 haina saa yake ya ndani. Ikiwaka bila intaneti inaendelea na saa iliyohifadhiwa mwisho, kwa hiyo ujumbe ulioandikwa asubuhi unatoka na tarehe ya jana. Nunua kisaa cha DS3231 chenye betri, kichomeke kwenye pini za 1, 3, 5, 7 na 9, ongeza dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye config.txt, na uondoe fake-hwclock, programu inayohifadhi ile saa ya mwisho. Kuhusu UPS ndogo za DC zinazouzwa kwa ajili ya ruta, soma tundu la USB limeandikwa nini. Nyingi zinatoa volti 5 kwa ampea 2, na Pi 4 inataka ampea 3. Itawaka, kisha itajizima mkiwa katikati ya mvua na kuharibu kadi. Amri ya vcgencmd get_throttled ikijibu 0x0 uko salama, ikijibu 0x50000 ujue umeme ulishapungua tangu iwashwe. Na msimu wa radi za ziwani chomoa ruta yenye antena ya nje. Kitovu chochote cha maana kitakushikia mzigo usiku kucha.

Herufi ziliwahi kusumbua kidogo. Kiswahili hakina alama nyingi, ila ng' ya simu za mkononi inakuja na alama iliyopinda, na kwenye skrini za CP437 (seti ya herufi za kompyuta za zamani) ng'ombe wanageuka ngΓÇÖombe, Nyang'hwale inaharibika vilevile. Badilisha alama hiyo iwe ile iliyonyooka kabla ujumbe haujafungashwa, basi.

Sasa hukumu. Nilikusudia kuandika kwamba msijiunge, mtandao huu ni wa wenye dharau. Nayafuta hayo, kwa sababu nimehamia mtandao mwingine na swali la kwanza la msimamizi wa kitovu chake lilikuwa: unapigika, au unapiga? Nikamjibu napiga tu. Akaweka hold, akaniandika Pvt, jioni ile ile logi ikaanza kusoma S/R 1/3. Hakuna mhadhara, hakuna masharti. Nilifurahi kupita kiasi, na tangu wakati huo haijasimama isipokuwa umeme ukikatika.

Kuna wanaoshauri kukodi seva ndogo nje na kupitisha handaki la WireGuard, yaani njia ya faragha kati ya seva hiyo na mashine yako, PersistentKeepalive ikiwa 25, ili na wewe upigike. Kwa wageni wanaotaka kuingia kwenye BBS yako kwa Telnet kutoka mbali, ni kweli, bila hivyo hawataiona, na siku moja utaihitaji. Lakini usikubali kulipia dola kila mwezi kwa sababu tu kitovu kimekataa kubadilisha neno moja. Kwa kazi ya ujumbe haihitajiki.

Kwa hiyo jiungeni, lakini ulizeni kwanza kabla ya kujaza fomu: mzigo wangu utakuwa hold au crash? Je, kuna skripti inayosimamisha viungo, na inahesabu simu za nani? Nywila ya paketi ni herufi ngapi? Msimamizi anayeelewa kazi yake anajibu yote matatu kwa sentensi tatu. Yule wa kwanza nilisema nitampa nafasi ya kuomba radhi, maana huenda alikuwa na siku mbaya. Nimesoma tena mistari yake miwili wakati naandika hapa. Hapana. Simpi, na mtu wa kanda hii akiniuliza kitovu gani akikwepe nitamwambia faraghani.