Ercolano: mji wa kale ambao mbao zake bado zipo

Wageni wengi wa Naples, Italia, wakitaka kuona mji wa kale hukimbilia Pompeii. Mimi nimetembelea kote kuwili, na nikiombwa ushauri nasema nendeni Ercolano, Herculaneum ya Warumi. Ni mji mdogo, inakadiriwa waliishi humo watu 4,000 hivi, na ukiutembea bila haraka unatosha nusu siku.

Kilichoniteka ni mbao. Pompeii ilianza kwa kunyeshewa vijiwe na majivu hadi mapaa yakaporomoka. Ercolano ilikutwa na jambo jingine: mwaka 79 gesi na majivu ya moto mkali viliporomoka kutoka mlima wa volkano wa Vesuvius, vikaufukia mji kwa kina cha mita 20 hivi. Mbao zikaiva bila hewa, kama magogo ndani ya tanuri la mkaa lililofunikwa udongo. Ndiyo maana mihimili, milango na hata vitanda vimebaki, vyeusi tii, na baadhi ya nyumba bado zina ghorofa.

Usipite bila kuingia Casa del Tramezzo di Legno. Mle ndani kuna ukuta mwepesi wa mbao, wenye milango, uliotenganisha ukumbi na chumba cha mwenye nyumba, na vishikio vya shaba vya kutundikia taa bado vimo. Halafu tafuta duka lililo kando ya nyumba yenye picha ya vigae ya mungu wa bahari Neptune na mkewe Amphitrite: rafu ya mbao imeshika mitungi mpaka leo. Nilirudi pale mara mbili.

Kwenye ufuo wa kale nilishindwa kuzungumza. Kwa miaka mingi ilidhaniwa karibu wakazi wote walikimbia, kwa kuwa mifupa iliyopatikana ilikuwa michache. Kuanzia mwaka 1980 wachimbaji wakafukua vyumba vya matao vya kuwekea mashua, wakakuta mabaki ya watu wapatao 300. Mwanamke mmoja alikuwa na pete zake za dhahabu vidoleni. Mifupa unayoiona sasa ni nakala, ila namna walivyobanana inatosha kukueleza.

Mji wenyewe uligunduliwa mwaka 1709 na watu waliokuwa wakichimba kisima. Kuanzia 1738 wafalme wa Naples walichimbisha mahandaki na kutoa sanamu. Mwanaakiolojia Amedeo Maiuri ndiye aliyeanza kuufungua kwa mapana mwaka 1927. Sehemu kubwa bado iko chini ya makazi ya watu, na ukiinua macho unaziona nyumba zao pale juu ukingoni.

Kasoro zipo. Vibao vya maelezo ni vichache, na mwongozaji niliyemkodi alikimbiza mambo mno. Ningesoma kwanza nikatembea peke yangu. Baadhi ya nyumba hufungwa kwa ukarabati. Mawe ya barabarani hayako sawa na kivuli ni haba, kwa hiyo viatu imara, kofia na maji.

Kufika ni rahisi: treni ya Circumvesuviana kutoka Naples hadi kituo cha Ercolano Scavi, kisha unateremka kwa miguu moja kwa moja kuelekea baharini, kama dakika kumi. Siku inayofuata nenda makumbusho ya akiolojia ya Naples, maana sanamu nyingi za shaba za mji huu ziko huko.