Uzoefu wangu na onyesho la vikaragosi la watoto: nyota tano kwa mchezo, tatu kwa ukumbi

Onyesho lenyewe lilikuwa la dakika 45, la wachezeshaji wawili, lenye aina tatu za vikaragosi: vya mkononi mwanzoni, vya nyuzi katikati, vya kivuli mwishoni. Niliokwenda nao ni watoto wawili, wa miaka 3 na wa miaka 7. Si mara yetu ya kwanza, na furaha yangu haijapungua hata kidogo. Siku ya onyesho mimi ndiye ninayetazama saa kuliko wao. Ninaandika kwa ajili ya mzazi anayetaka kukata tiketi na hajui achague onyesho gani, akae wapi, wala amwandae vipi mtoto.

Kipimo changu cha onyesho zuri ni maneno ya watoto wenyewe. Pazia likifunguka, mtoto husema "kile kinatembea". Mchezo ukiwa mzuri, dakika tano au sita baadaye utamsikia akisema "yule anatembea", "amekasirika", "anamtafuta nani?" Hakuna aliyemwambia abadili ngeli. Kitambaa, mbao na gundi vimeshahesabiwa miongoni mwa wenye uhai. Kikaragosi kikibaki "kile" mpaka taa zinawashwa, ujue kuna kitu kimeharibika, na mara nyingi si hadithi wala si mtoto. Ni kiti, sauti au mwanga.

Nianze na kiti, maana hapo ndipo wazazi wengi tunakosea. Tunakimbilia mbele kabisa. Kwa vikaragosi vya mkononi, mbele kabisa ndiko kubaya. Mchezeshaji husimama ndani ya kibanda, mikono juu, na kikaragosi hutokeza juu ya ubao wa mbele. Piga hesabu. Ubao uko sentimita 160 kutoka chini, na mtoto aliyekaa sakafuni macho yake yako kama sentimita 60. Akikaa mita 1 kutoka kwenye kibanda, kikaragosi kikirudi nyuma ya ubao kwa sentimita 30 tu, sentimita 30 zake za chini zinafichwa, na vikaragosi vingi vya mkononi urefu wake wote ni huohuo. Mtoto anabaki kutazama ubao mtupu huku wenzake wa nyuma wakicheka. Akirudi hadi mita 3, kinachofichwa ni sentimita 10 peke yake. Zile mita 2 ndizo tofauti kati ya kuona na kusikia tu.

Vikaragosi vya nyuzi vina shida yake nyingine. Hapa miguu ndiyo kila kitu, maana mtoto huamini kuwa kiumbe anatembea anapoona kisigino kikigusa sakafu. Ikiwa jukwaa liko juu ya usawa wa macho yake, haoni sakafu, na anachokiona ni mwanasesere anayening'inia hewani. Mpandishe kwa koti lililokunjwa au mto mdogo. Sentimita 10 za ziada hutosha mara nyingi. Pia usikae pembeni sana, kwa sababu nyuzi huendeshwa kwa hesabu ya mtazamaji aliye mbele, na kutoka ubavuni utaona mikono ya mchezeshaji kuliko mchezo. Umbali nao usizidi mita 8 hivi: kikaragosi cha sentimita 50 kina uso mdogo kuliko ngumi ya mtu mzima.

Kivuli hakina masharti makali. Kaa katikati, hata nyuma, kwa sababu kitambaa kinachoonyesha vivuli hufifia kinapotazamwa kutoka pembeni. Kwa onyesho lenye aina zote tatu kama hili, chaguo langu ni safu ya tatu au ya nne, katikati. Kama mtoto hajafika miaka 4, basi safu hiyohiyo lakini kiti cha kando ya njia, ili mkilazimika kutoka msiwapite watu kumi gizani.

Sauti ndiyo inayofuata kwa uzito. Kabla ya kulipa, uliza: wachezeshaji wanazungumza wenyewe au sauti imerekodiwa? Sauti iliyorekodiwa haiwezi kusubiri. Watoto wakiangua kicheko, sentensi inayofuata inapita bila kusikika. Wakijibu swali, kikaragosi hakiwasikii. Nilichokifurahia zaidi kwenye onyesho hili ni kwamba sauti zote zilikuwa za papo hapo. Mtoto wa safu ya nyuma alipopaza sauti, kikaragosi kiligeuza kichwa upande wake, kikanyamaza kidogo, ndipo kikajibu. Mgeuko ule mmoja unafanya kazi ambayo skrini haiwezi kuifanya hata siku moja: mtoto anajua ameonekana.

Tazama pia mdomo. Kikaragosi chenye mdomo unaofunguka kinatakiwa kiufungue mara moja kwa kila silabi, na Kiswahili kinapendeza sana hapa kwa sababu silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu: "ka-ri-bu", mdomo mara tatu, bila kubahatisha. Mchezeshaji hodari hushusha kidole gumba badala ya kupandisha vidole vinne. Akipandisha vidole, ni taya la juu linaloinuka, na macho ya kikaragosi yanatazama dari kila kinaposema. Watoto hawatakwambia kasoro hiyo ni nini, ila utaona wameanza kuchezea kamba za viatu.

Kuhusu wachezeshaji kuonekana: wazazi wengi huhofia kwamba mtoto akimwona mtu nyuma ya kikaragosi, raha itaisha. Haiishi. Katika bunraku, mchezo wa vikaragosi wa jadi wa Japani, watu watatu huendesha kikaragosi kimoja mbele ya macho ya watazamaji: mmoja ana kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Farasi wa kikaragosi wa Handspring, kampuni ya vikaragosi iliyoanzishwa Cape Town mwaka 1981, nao huendeshwa na watu wanaoonekana wazi, na bado mtazamaji humtazama farasi. Siri iko kwenye macho na pumzi. Mchezeshaji akimtazama kikaragosi wake, nasi tunamtazama. Akiitazama hadhira, tunamtazama yeye. Na kikaragosi kilichosimama bila kufanya lolote lazima kipumue, kifua kikipanda na kushuka polepole. Hapa wachezeshaji wetu wawili nawapa alama zote. Kikongwe wa nyuzi alipokaa kitini na kupumua tu kwa muda kabla ya kusema neno, ukumbi mzima ulitulia kama maji mtungini.

Nyuzi zilisokotana mara moja, na namna walivyolimaliza tatizo ilinionyesha kiwango chao. Kikaragosi cha kawaida cha nyuzi kina nyuzi tisa: mbili za kichwa, mbili za mabega, mbili za mikono, mbili za magoti, moja ya mgongoni. Kikizungushwa mara nyingi upande mmoja, nyuzi hujisokota, kwa hiyo mchezeshaji huhesabu mizunguko na kuirudisha kinyume. Akisahau mzunguko mmoja, mkono hunyanyuka badala ya goti. Wao walimfanya mhusika aseme amechoka, akalala chini, mwenzake akaendelea na hadithi huku nyuzi zikifunguliwa. Kwenye vikundi visivyo na mazoezi, mchezo husimama, taa huwashwa, na kuwarudisha watoto kwenye hadithi baada ya hapo ni kazi ngumu.

Umri na muda: chini ya miaka 3, usizidishe dakika 30. Miaka 3 hadi 5, dakika 35 hadi 45. Kuanzia miaka 6, saa nzima inavumilika ikiwa kuna mapumziko. Usimdanganye muuza tiketi kuhusu umri. Hawakuwekei kikomo kwa ukali, ila wanajua ni sehemu gani ina kelele au giza.

Hofu inastahili kuzungumzwa kwa uwazi. Mtoto wa miaka 2 hadi 4 anaweza kulia kwa kikaragosi kilichomfurahisha mwenzake. Sababu za kawaida ni giza la ghafla, sauti kubwa, na sura kubwa inayokaribia uso wake. Siku moja kabla, mwambie kwa mpangilio: tutaingia, taa zitazimwa, tutakaa gizani kidogo, kisha taa ya jukwaa itawaka. Nyumbani zima taa mhesabu pamoja mpaka kumi. Siku yenyewe, fikeni dakika 30 kabla, msalani dakika 10 kabla ya kuanza hata kama anasema hataki, na awe amekula, maana mifuko inayochakarika inaudhi ukumbi mzima. Akianza kulia, usimlazimishe "kuwa jasiri". Toka naye hadi mlangoni, simameni pale mnapoona jukwaa kwa mbali, na mara nyingi mwenyewe ataomba kurudi. Baada ya onyesho, omba aone kikaragosi kikiwa kimelala bila mkono ndani. Kinachotisha kikilala hivyo, huwa kimeisha nguvu.

Kisha kuna kelele za watoto, zile za "yuko nyuma yako!" Waacheni. Vikaragosi vya mkononi vimechezwa hivyo tangu zamani. Mwingereza Samuel Pepys aliandika kwenye shajara yake kuhusu onyesho la vikaragosi vya Kiitaliano aliloliona Covent Garden, London, mwezi Mei 1662, na mhusika wake mkuu, aliyekuja kuitwa Punch, bado anaishi kwa kelele za hadhira. Mchezeshaji anauliza swali na kungoja jibu. Mzazi akisema "shh", anakata kamba iliyonyoshwa kwa mtoto. La kuzuia ni kusimama juu ya kiti na kukimbilia jukwaani. Na tafadhali usimjibie mtoto wako. Anapofungua mdomo na kusita, yupo kazini.

Sasa ukumbi, zile nyota tatu. Tulianza dakika 25 baada ya muda uliotangazwa, na kwa mtoto wa miaka 3 dakika hizo zinatolewa kwenye subira ya mwisho wa mchezo. Mlangoni waliuza vijiti vinavyowaka taa kabla ya onyesho. Sehemu ya kivuli ilipofika, rangi zilikuwa zikimetameta kila upande, na kivuli chembamba kama cha ndege kikapotea kabisa. Kivuli kinahitaji giza. Hata viatu vya watoto vinavyowaka kwenye soli vivueni mapema. Simu ni vivyo hivyo: mwanga wa kamera ukipiga kitambaa kutoka mbele, kivuli kinafutika. Sakafu ilikuwa tambarare na viti vyote vya kimo kimoja, bila mikeka ya watoto mbele. Mikeka iliyowekwa mita 2 au 3 kutoka kibandani ingetatua nusu ya malalamiko.

Mwishoni waliwaita watoto nyuma ya kitambaa, na hapo nilitamani niwe na miaka 7. Katika wayang kulit, mchezo wa kivuli wa kisiwa cha Java, Indonesia, mchezeshaji mmoja aitwaye dalang huendesha vikaragosi vyote vya ngozi iliyotobolewa na kupakwa rangi, akiwapa wote sauti, na watazamaji wanaweza kukaa upande wa kivuli au upande wake. Kuona pande zote mbili hakuui uchawi. Mtoto anagundua kwamba kikaragosi kikigusa kitambaa kivuli ni kikali, kikisogezwa kwenye taa kivuli kinakua na kingo zinalegea. Watoto waruhusiwe kugusa vile tu wanavyopewa. Nyuzi zikivutwa kidogo tu, urefu uliopimwa kwa milimita unapotea.

Nitarudi, na ningependa iwe karibu na tarehe 21 Machi, Siku ya Vikaragosi Duniani, kwa sababu vikundi vingi hupanga maonyesho wakati huo na ili kuchagua vizuri inabidi kusoma tangazo kwa makini: aina ya vikaragosi, muda, umri, sauti ya papo hapo, idadi ya viti. Ukumbi wa viti 80 hadi 100 unatosha. Zaidi ya hapo, omba kuona mpangilio wa viti kwanza.

Kesho yake watoto watataka cha kwao, kwa hiyo weka vifaa tayari. Soksi moja ndefu, kipande cha kadibodi cha mviringo wa yai, sentimita 16 kwa 8, kilichokunjwa katikati. Kipake gundi kwa nje, kiingize hadi kwenye ncha ya soksi, kiache kikauke usiku mzima. Macho yawe karibu na katikati, si pembeni, ili kionekane kinamtazama mtu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 3 chora macho kwa kalamu ya wino, usishone vifungo, maana hung'oka na kuishia kinywani. Gumba kwenye taya la chini, vidole vinne juu, kisha jifunzeni kupumua kabla ya kusema. Mtoto ndiye ampe jina. Siku akikwambia kwa kunong'ona "amelala, usimwamshe", soksi hiyo isirudi tena kwenye kapu la nguo.