Mto kwa mwenye maumivu ya shingo: upi ununue kwanza, upi uuache

Wanunuzi wengi huubonyeza mto kwa kiganja dukani, wakiona ni laini wanalipa. Kiganja hakijui lolote kuhusu shingo. Kinachoitesa shingo usiku ni kimo: mto ukiwa mrefu mno shingo hupinda upande mmoja hadi alfajiri, ukiwa mfupi mno kichwa huning'inia, nacho kina uzito wa karibu kilo 5.

Basi pima kabla ya kununua. Simama ubavu ukutani, bega liguse ukuta, macho mbele. Mtu akupimie kutoka ukutani hadi ubavuni mwa kichwa, usawa wa sikio. Hicho ndicho kimo anachohitaji anayelala ubavu, na mto ubaki nacho ukishalaliwa. Kwa watu wazima wengi ni kati ya sentimita 10 na 14. Godoro likiwa laini bega huzama, hivyo punguza sentimita 2. Anayelala chali hutoshwa na 7 hadi 10. Anayelala kifudifudi hana mto wa kumfaa kweli, kwa kuwa shingo yake imezungushwa usiku kucha; achukue mwembamba kabisa huku akijizoeza kulala ubavu.

Nafasi ya kwanza tunaupa mto wa vipande vya sponji wenye zipu. Ukiwa mrefu, toa konzi mbili tatu za sponji, lala siku mbili, pima tena. Zihifadhi zile ulizotoa, kwani mto hushuka baada ya miezi kadhaa. Hakikisha una mfuko wa ndani, la sivyo ukifungua zipu vipande hutapakaa chumba kizima.

Wa pili ni wa lateksi, yaani mpira. Haubonyei ovyo, haukusanyi joto sana na hudumu miaka. Ila kimo chake hakibadiliki, ni mzito, jua kali huupasua, na mwenye mzio wa mpira aachane nao.

Wa tatu ni sponji nzito inayofuata umbo la kichwa, hasa ile yenye matuta mawili. Tuta refu ni la kulala ubavu, fupi ni la chali; wengi huugeuza vibaya kisha wakaulaumu. Huhifadhi joto, hukakamaa kwenye baridi, na ukiwa mpya hunuka siku chache. Usiufue kwa mashine, utachanika.

Sufi na nyuzi za poliesta ni za nne. Sufi hushikana mabonge; kuianika juani na kuichambua huisaidia kwa muda tu. Manyoya yanashika mkia: laini kweli, lakini kufikia usiku wa manane yameshakimbilia pembeni na kichwa kiko godoroni.

Kola ya shingo, yaani ukanda mnene wa kushikilia shingo, usijinunulie. Ikivaliwa siku nyingi misuli hulegea na shingo hukakamaa zaidi.

Mto mpya upe wiki mbili. Kuuamini, mtu akutazame kwa nyuma ukiwa umelala ubavu: shingo na uti wa mgongo viwe mstari mmoja. Lakini kama maumivu yanashuka mkononi kwa ganzi au udhaifu, yameanza baada ya ajali, au yana homa, acha habari za mto, nenda hospitali. Miguu ikilegea au haja ndogo ikikushinda, nenda siku hiyohiyo.