Programu za klabu kwa shule ndogo ya sekondari: ipi inaishi baada ya mlezi kuondoka?

Tathmini hii inahusu programu ambazo shule ya sekondari ya mji mdogo inaweza kujiunga nazo, au kuazima kanuni zake, ili kuendesha klabu za wanafunzi nje ya vipindi vya darasani. Nimezitazama kwa jicho la mwalimu mlezi, si la anayetafuta vikombe vya kupamba ofisi ya mkuu wa shule, na kipimo changu ni kimoja: je, klabu itaendelea kuwapo mwalimu aliyeianzisha akihamishwa, na wanafunzi waliokuwa nguzo zake wakihitimu? Kipimo hiki ni kikali zaidi kwa shule ndogo. Shule kubwa ikiagana na viongozi watano hubaki na wengine wengi wa kuchagua, ilhali katika shule ndogo nahodha wa mpira wa miguu ndiye katibu wa mdahalo na ndiye sauti ya kwanza ya kwaya, na siku akiugua shughuli tatu husimama kwa pamoja.

Nianze na programu inayovutia macho kuliko zote, kisha niiache. Mashindano ya roboti yanayoandaliwa na FIRST, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, yana mpangilio mzuri na huwafundisha vijana kubuni, kujaribu na kurekebisha kazi yao. Hata hivyo, kila msimu huja na changamoto mpya, hivyo roboti ya mwaka jana haiwezi kurudishwa uwanjani ilivyo, vifaa vinahitaji fedha za kudumu, na lazima awepo mtu mzima anayeelewa umeme na uandishi wa programu za kompyuta. Mtu huyo akiondoka mjini, kinachobaki ni kabati lililojaa nyaya. Kwa shule yenye mfadhili wa uhakika ni chaguo bora, lakini kwa shule ninayoizungumzia sipendekezi ianzie hapo.

Mdahalo ndio ninaoupa alama za juu, hasa ukiendeshwa kwa kanuni za mashindano ya dunia ya midahalo ya shule, ambayo yalianza Australia mwaka 1988. Katika mfumo huo kila upande huwa na wasemaji watatu, kila msemaji hupewa dakika 8, kisha kila upande hutoa hotuba fupi ya majumuisho ya dakika 4, na upande unaopinga ndio unaotangulia kuitoa. Kwa hiyo mdahalo mzima huchukua dakika 56 za hotuba, muda unaoingia vizuri katika saa moja na nusu baada ya masomo, maoni ya waamuzi yakiwemo. Anayehesabu ataona kwamba wasemaji 6, mwenyekiti, mtunza muda na waamuzi 3 hufanya watu 11 tu, na hapa ndipo mfumo huu unapoishinda mifumo inayodai ukumbi uliojaa. Jambo kubwa zaidi ni kwamba nafasi hizo zina ngazi ndani yake. Mwanafunzi mgeni huanza kwa kushika saa, baadaye huketi na waamuzi na kulazimika kueleza kwa nini upande fulani umeshinda, na anaposimama kusema kwa mara ya kwanza huwa ameshazifahamu kanuni zote bila kufundishwa rasmi. Klabu inayojizalishia warithi kwa namna hiyo haimtegemei mwalimu mmoja.

Alama hutolewa kwa maudhui 40, mtindo 40 na mkakati 20, na mgawanyo huo una busara kwa sababu humnyima ushindi wa bure mwanafunzi mwenye sauti nzuri asiye na hoja. Napenda pia kwamba baadhi ya mada hutangazwa mapema na nyingine hutolewa saa moja tu kabla ya mdahalo, bila msaada wa intaneti. Shule isiyo na maktaba ya maana huumia katika mada za kuandaliwa, lakini katika mada za papo kwa papo husimama sawa na shule yoyote, kwa kuwa kinachopimwa ni namna vijana watatu wanavyofikiri pamoja wakiwa na kalamu na karatasi.

Kasoro zipo. Dakika 8 ni nyingi mno kwa anayeanza, naye huishia kurudia sentensi zilezile hadi kengele ilie, kwa hiyo nashauri dakika 5 katika muhula wa kwanza. Kasoro ya pili ni ya mji mdogo wenyewe: wapinzani huwa ni walewale, wiki baada ya wiki, na kila mmoja huzijua mbinu za mwenzake kabla hajafungua kinywa. Kupanga pande kwa kura husaidia, kwa sababu anayelazimika kutetea msimamo asioupenda hushindwa kutumia hoja zake za kila siku. Lakini dawa kamili ni kusafiri kwenda kukutana na shule nyingine, na nauli haitolewi na kanuni hizi.

Wanaopenda mambo ya kidiplomasia huulizia mabaraza ya kuigiza ya Umoja wa Mataifa. Kosa la kawaida ni kuigiza Baraza Kuu, lenye wanachama 193, na hivyo kugawa nchi tatutatu kwa kila mtoto na kumwacha asimjue hata mmoja wa wale anaodai kuwawakilisha. Shule ndogo ichague Baraza la Usalama. Lina wajumbe 15, azimio la msingi linahitaji kura 9, na yeyote kati ya wajumbe watano wa kudumu anaweza kulizuia kwa kura ya turufu. Vijana hujifunza mengi kuhusu madaraka katika mchana mmoja ambapo wajumbe 14 wanakubaliana na mmoja anaivuruga kazi yote. Hata hivyo, naliona hili kama tukio la mara mbili kwa mwaka, si klabu ya kila wiki, kwa sababu maandalizi yake huchosha na wanafunzi wenye haya hupata pa kujificha.

Sataranji haihitaji maelezo marefu. Ni nafuu, mbao na kete hudumu, na kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, lililoundwa Paris mwaka 1924, hazibadiliki kwa sababu mwalimu amehama. Wachezaji 10 wakikutana kila mmoja na mwenzake, zinapatikana raundi 9 na michezo 45, yaani ratiba ya muhula mzima bila mgeni yeyote kualikwa. Kinachokosekana katika klabu hii ni mazungumzo: mtoto mkimya anaweza kuingia, kushinda na kutoka bila kuongea na mtu, na sidhani kwamba klabu ya shule inapaswa kumwezesha kufanya hivyo mwaka mzima.

Interact, klabu za vijana wa miaka 12 hadi 18 zinazodhaminiwa na klabu za Rotary (vyama vya watu wazima wanaojitolea kuhudumia jamii), ilianza mwaka 1962 katika shule ya sekondari ya mji wa Melbourne, jimbo la Florida. Nguvu yake na udhaifu wake vinatoka mahali pamoja. Klabu haiwezi kuundwa bila klabu ya Rotary kuidhamini, hivyo mji usio nayo karibu umefungiwa mlango. Pale ilipo, mdhamini huwa ni mtu mzima wa tatu kando ya mwalimu na mzazi, na hahamishwi na mamlaka za elimu. Kila mwaka klabu hutakiwa kufanya angalau miradi miwili, mmoja wa kuhudumia shule au jamii na mwingine wa kukuza uelewano wa kimataifa. Mradi wa kwanza huwa na uhai kwa sababu matokeo yake huonekana mtaani. Wa pili, kwa maoni yangu, ni mtego: klabu nyingi zisizo na uhusiano na shule za nje huweza kuumaliza kwa kuchora bendera ukutani, na mlezi mwangalifu atadai angalau mawasiliano ya kweli na klabu ya nchi nyingine.

Nimeiacha mwisho Tuzo ya Kimataifa ya Duke of Edinburgh, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1956 na sasa iko wazi kwa vijana wa miaka 14 hadi 24 katika nchi nyingi. Kwa hakika si klabu, na hapo ndipo penye faida yake. Mshiriki wa ngazi ya Shaba, yaani ngazi ya kwanza, huchagua jambo la kujitolea, zoezi la mwili na ujuzi wa kukuza, kwa wastani wa saa moja kwa wiki kwa kila kipengele, kisha hushiriki safari ya siku mbili yenye usiku mmoja wa kulala nje. Yule nahodha anayeimba kwaya haongezewi mzigo: mpira unahesabiwa kuwa zoezi la mwili, uimbaji unahesabiwa kuwa ujuzi, mradi ameweka lengo na kuna mtu mzima anayethibitisha maendeleo yake. Hakuna mshindi wala aliyeshindwa, na kijana ambaye hajawahi kuchaguliwa katika timu yoyote hupimwa kwa hatua zake mwenyewe.

Gharama yake ni watu wazima. Shule lazima ipewe idhini ya kuiendesha, viongozi wapate mafunzo, na safari hutanguliwa na nyingine ya mazoezi, zote zikiwa na msimamizi anayestahili. Kikundi cha safari huwa cha vijana 4 hadi 7, na kanuni hiyo huibana shule ndogo kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Ukisajili vijana 8 na kuwagawa wanne wanne, mmoja akijitoa wiki ya mwisho, kikundi chake kinabaki na watatu na hakikidhi masharti. Ukisajili 10, kila kikundi kinaweza kumpoteza mtu mmoja na bado safari ikaendelea. Kwa hiyo shule inayoweza kupata washiriki 8 tu mwaka huu ningeishauri isubiri muhula mmoja mpaka vijana wengine wawili wajiandikishe, au iungane na shule jirani kwa ajili ya safari peke yake, na vipengele vingine kila shule iviendeshe kwake.