Ironman 70.3 Rwanda, Rubavu: kwa anayetoka Mwanza na baiskeli yake kwenye basi

Wenzangu wa Kanda ya Ziwa mnaouliza kama kuna haja ya kufunga safari hadi Rubavu kwa ajili ya mbio hizi za triathloni: nendeni. Unaogelea kilomita 1.9 ndani ya Ziwa Kivu, unaendesha baiskeli kilomita 90, kisha unakimbia kilomita 21.1, vyote kwa mfululizo, na unatakiwa uwe umemaliza ndani ya saa 8 na nusu. Zilianza mwaka 2022. Kwetu sisi zina jambo moja kubwa, kwamba unaweza kwenda kwa barabara bila kulipia ndege wala sanduku la baiskeli la uwanja wa ndege. Ada ya kujiandikisha ni kubwa kwa mshahara wa mwalimu kama mimi, sitalificha hilo, lakini pesa yangu haikupotea.

Nianze na kilichoniumiza, maana ndicho kitakachomkuta mwingine. Basi. Kampuni siitaji. Konda alinihakikishia kwamba baiskeli ingekaa peke yake upande mmoja wa buti, na nikaongeza hela kwa ajili hiyo. Tuliposhuka Kigali nikakuta boksi limelaliwa na magunia ya mchele, pembe moja imebonyea hadi ndani. Fremu ilikuwa nzima, rimu nzima. Ila kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kilikuwa kimepinda kuelekea kwenye spoki. Ukiweka gia nyepesi, cheni inaruka na kibadilishaji kinataka kuingia kwenye gurudumu. Kwa njia yenye vilima kama ile ya Rubavu, huo ndio mwisho wa mbio kabla hujaanza. Kuanzia Kigali hadi Rubavu ni mwendo wa saa tatu na zaidi kupitia Musanze, milima kushoto na kulia, na mimi sikuona hata mlima mmoja kwa mawazo.

Sasa niwaambie kuhusu fundi, kwa sababu yeye ndiye sababu kubwa ya kuandika haya. Yuko kwenye kibanda cha mabati upande wa juu wa soko la Gisenyi, ndio mji wenyewe wa Rubavu, pale zinapotengenezwa baiskeli za mizigo zinazobeba viazi na mkaa. Ukimwona na spana zake mbili na nyundo unaweza kupita. Nami ningepita kama mama muuza ndizi asingeniambia, "Mpelekee yule, ana mkono." Kiswahili hapo hakina shida, Goma iko ng'ambo tu ya mpaka na watu wanaingia na kutoka kutwa nzima.

Aliinama akatazama bila kugusa. Nikamwambia, "Baba, nina mbio keshokutwa." Akasema, "Mama, hii haijakufa. Tutaipanga." Akafungua kibadilisha gia chote, akakiweka juu ya kitambaa. Kisha akaleta gurudumu la nyuma la baiskeli nyingine na kuingiza ncha ya ekseli yake kwenye lile tundu la alumini lililopinda. Ekseli ya kwanza ilikataa, nyuzi zake hazikulingana. Akaleta gurudumu jingine, likaingia kwa kuzungusha taratibu. Hapo yakawa magurudumu mawili ubavu kwa ubavu, langu na lile la kuazima, na kwa jicho tu ukaona jinsi yalivyoachana juu na kukaribiana chini. Akalishika lile la kuazima kama usukani, akawa analivuta kidogo, anapima nafasi kati ya rimu na rimu kwa kijiti alichokikata kwa wembe, anazungusha robo, anapima tena. Alumini ukiikunja kwa pupa inakatika, na yeye alijua. Alivuta kwa pumzi. Kijiti kilipopita sawasawa juu, chini, mbele na nyuma, akarudisha kila kitu, akakaza waya wa gia, akanipa baiskeli nijaribu kwenye mteremko. Gia zote zilipanda na kushuka bila kelele. Alinitoza faranga 5,000. Nikampa zaidi, akaipokea kwa mikono miwili.

Nimewahi kupeleka baiskeli kwenye maduka yenye vioo na mashine za kila aina. Huduma ya uangalifu namna hii sijawahi kuipata.

Nyumba ya wageni nayo siitaji. Chumba kisafi, maji ya moto yapo, ila walikuwa wamekubali kuandaa chai alfajiri ya siku ya mbio na nilipoteremka jiko lilikuwa limefungwa. Nilikuwa na mkate na ndizi nilizonunua jana yake. Ukilala popote siku hiyo, nunua chakula chako usiku.

Mbio zenyewe. Kivu haina viboko wala mamba, na kwa mtu aliyejifunzia Ziwa Victoria huku macho yakiwa kwenye matete, hilo linabadilisha mwili mzima. Unaogelea umelegea. Maji yalikuwa matulivu, maboya yanaonekana vizuri, na walinzi kwenye kayaki wako karibu. Ukichoka unaruhusiwa kushika kayaki upumzike, mradi isikusogeze mbele. Mimi nilipigwa teke la uso karibu na boya la kwanza, miwani ikajaa maji. Nikageuka chali, nikaimwaga, nikaivaa tena, nikaendelea na jicho moja linalowasha.

Kwenye baiskeli Mtanzania ana kazi ya ziada: Rwanda wanakaa kulia. Unaendesha kulia na kumpita mwenzako kwa kushoto, na kwenye mteremko wa kasi mwili uliozoea kushoto unataka kukuvuta upande wake. Nilijifunza kwa kuendesha mjini siku moja kabla, polepole, na ninawashauri mfanye vivyo hivyo. Lami ni nzuri. Vilima ni vya kweli, vile vya kukufanya utafute gia nyepesi kuliko zote, na kila nilipoiweka nilimkumbuka yule baba na kijiti chake. Unapita mashamba ya chai, ziwa linajitokeza chini na kupotea, na watu wamejipanga kando ya barabara kana kwamba kila anayepita ni wa kwao. Watoto wanapiga kelele "Komera!", yaani jikaze, na aliyenisikia nikijibu kwa Kiswahili akageuza: "Kaza mama!"

Kisha pancha, tena ya nyuma. Kanuni ya mbio hizi ni kwamba mtu wa pembeni haruhusiwi kukusaidia, kwa hiyo wale vijana walionikimbilia niliwashukuru na kuwaomba wasimame. Nikatoa tairi, nikapitisha vidole ndani yake kote kabla ya kuweka tyubu mpya, na nikakuta kipande cha waya chembamba kama unywele kimechomoza. Bila kukitoa hicho, tyubu ya pili nayo ingekwenda, na sikuwa na ya tatu.

Mbio za miguu ziko kando ya ziwa na ndipo tumbo liliponigomea. Kila kitu kitamu kilirudi. Nikaacha vinywaji vya sukari, nikashika maji na ndizi kidogo kidogo, nikatembea kila kituo cha maji na kukimbia katikati. Waliokuwa wakijitolea pale vituoni walikuwa na macho ya kuona. Binti mmoja alinimwagia maji shingoni kabla sijaomba. Nilimaliza kwa saa 7 na dakika 41, na nililia mbele za watu.

Mambo ya kuweka akilini kwa atakayekwenda. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na sisi wa triathloni tuna tabia ya kufungasha kila kitu kwenye mifuko, viatu huku, nguo kavu kule. Tumieni mifuko ya kitambaa, mpakani Rusumo wanaweza kukagua. Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Baiskeli ikiingia kwenye buti, fungueni kibadilisha gia cha nyuma kabisa, mkifunge kwa kitambaa ndani ya fremu, na mbebe kile kipande cha alumini cha akiba kinacholingana na fremu yenu, maana kila fremu ina chake na Gisenyi huwezi kukipata dukani. Kikipinda hata hivyo, pandeni juu ya soko mkaulize fundi wa baiskeli za mizigo. Anafungua mapema, na kahawa ya jirani yake ni nzuri mno.