Gari la farasi mjini: uzoefu wangu, nikimtazama zaidi farasi

Ninaipa huduma hii nyota 3 kati ya 5. Abiria waliotangulia wameisifu kwa mito yake laini na kengele zake zinazong'aa, na kweli gari ni safi, mwendeshaji ni mpole na njia yenyewe inapendeza. Hata hivyo, anayefanya kazi hapa ni farasi, na sioni namna ya kuipima huduma ya aina hii bila kuanza naye.

Kabla ya kupanda niliomba kumtazama farasi kwa karibu, na mwendeshaji hakukataa. Mbavu zake hazikuonekana kwa macho, lakini nilipopitisha kiganja nilizihisi, na hiyo ndiyo hali inayofaa kwa mnyama wa kazi. Mabegani, pale matandiko yanapokaza wakati wa kuvuta, hapakuwa na kidonda wala mabaka ya manyoya meupe, ambayo mara nyingi huota mahali ngozi ilipowahi kuchubuliwa. Viatu vyake vya chuma vilikuwa na vijino vigumu vya kuzuia kuteleza kwenye lami, na kwato hazikuwa zimerefuka; kwa kawaida fundi hutakiwa kuzichonga na kuvipanga upya viatu kila baada ya wiki 6 hadi 8. Mama mmoja kwenye foleni alisikitika kwamba farasi anachechemea, kwa kuwa alikuwa ameulegeza mguu mmoja wa nyuma. Kumbe hivyo ndivyo farasi anavyopumzika akiwa wima. Wa kutiliwa shaka ni yule anayeunyoosha mguu wa mbele ili asiuelemee.

Uzito wa gari haukunitia wasiwasi sana. Kwenye barabara tambarare magurudumu hubeba sehemu kubwa ya mzigo, na kazi ngumu huwa ni kuling'oa gari linapoanza kwenda na kupanda mlima. Mwendeshaji wetu alimwacha farasi aanze taratibu, hakumchapa, na alikataa kuongeza abiria zaidi ya nafasi zilizopo ingawa kijana mmoja alikuwa tayari kulipa ziada.

Kasoro kubwa ni joto. Mwili wa farasi una misuli mingi ikilinganishwa na eneo la ngozi yake, kwa hiyo hupoa polepole, na hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho halikauki, likamwacha akiendelea kupata moto huku akipoteza maji na chumvi. Lami nayo hurudisha joto la jua kuanzia chini, pale pale anapopumulia. Ndiyo maana sheria ya New York inazuia farasi wa magari kufanya kazi joto likifika nyuzi 90 za Farenhaiti, yaani takriban 32 za Selsiasi, na tangu 2019 inahesabu pia unyevu wa hewa. Katika huduma hii sikuona kipimajoto chochote. Nilipouliza ni nani anayeamua kusimamisha safari, niliambiwa ni mwendeshaji mwenyewe, ambaye hulipwa kwa safari. Sina shaka na huruma ya mtu huyu, ila uamuzi wa namna hiyo haupaswi kumgharimu mkate wake. Ndoo ya maji ilikuwapo, na farasi alinyweshwa kati ya safari, lakini kituo cha kusubiria hakina kivuli.

Jambo jingine ni saa ambazo abiria hamwoni farasi. Tumbo lake limeumbwa kusaga majani kidogo kidogo mchana kucha, na akikaa muda mrefu bila nyasi, asidi huweza kumletea vidonda vya tumbo. Anahitaji pia kutembea huru bila matandiko, na kulala chini, kwa maana usingizi mzito haupati akiwa amesimama. New York hiyo hiyo inaweka ukomo wa saa 9 za kazi katika saa 24, pamoja na wiki 5 za mapumziko kila mwaka mahali penye uwanja wa kutembea huru. Chicago ilichagua kuifuta biashara hii kabisa kuanzia 2021. Mimi sijafikia hatua ya kutaka ifutwe, kwani farasi aliyetunzwa vizuri anaweza kuvuta gari bila kuumia, lakini anayetaka niamini kwamba ametunzwa vizuri sharti anionyeshe anapolala. Niliwaomba wasimamizi nilione banda, wakanijibu kwamba wateja hawaruhusiwi kuingia. Wakiweka kipimajoto na kivuli kituoni nitaongeza nyota moja. Ya tano inasubiri mlango wa banda ufunguliwe.