Spana ya plagi ya pikipiki: 16, 18 au 21? Nimefungua seti hii hapa Tanga

Haya wadau, habari za muda huu. Tupo Ngamiani, Tanga, kijiweni kwa fundi. Kelele mtatuvumilia, barabara iko hapo nyuma yangu na bodaboda hawamsubiri mtu amalize kurekodi.

Leo nina seti ya soketi za kufungulia plagi, ile inayotoa cheche kwenye injini. Zipo tatu kwenye boksi, 16, 18 na 21, ndiyo milimita za kichwa cha plagi, boksi limeandikwa ni la pikipiki zote, jina la kiwanda nimelitafuta sijaliona. Tundu la recheti, ule mkono wa kuzungushia, ni tatu kwa nane ya inchi. Chuma kinang'aa, na kwa chumvi ya bahari yetu hii tutaona kitang'aa mpaka lini. Mengine mnayajua, tusipotezeane bando.

Kilichonifanya nitoe hela ni hii hapa. Sogeza kamera mdogo wangu, waione. Kumi na nane! Ukiazima seti ya soketi za gari, na wengi wetu ndizo tunazoazimana, za plagi utazikuta mbili, 16 na 21. Hii 18 mara nyingi haimo, maana magari mengi hayana kazi nayo. Sasa njoo kwenye hizi pikipiki za Kichina zilizofuata injini ya Honda CG125. Plagi yake ni D8EA, au D8TC, na kichwa chake ni 18. Ukileta 16 haiingii. Ukileta 21 inacheza. Ndipo unapomwona mtu anakunja kitambaa anakisokomeza ndani ya 21, au anachukua plaizi kabisa, anakwangua zile pembe sita mpaka plagi inakuwa duara. Halafu anampelekea fundi anasema imegoma yenyewe.

Kuna jamaa ana chaneli yake, simtaji, watazamaji wake wengi kuliko wangu, namuombea kheri. Yeye anawaambia watu soketi yoyote ikiingia basi ndiyo hiyo. Kaka, hapana. Ikiingia na ikacheza, siyo yenyewe.

Kujua ya kwako, soma plagi. Kwenye plagi za kampuni ya NGK angalia herufi ya mwanzo. C, uzi, ile sehemu inayojifunga kwenye injini, ni milimita 10 na soketi ni 16. D, uzi ni 12, soketi 18. B, uzi ni 14, na kwa zile za pikipiki za zamani soketi ni 21. Vespa za mzee wako, Yamaha DT za mafuta ya kuchanganya, hata jenereta na pampu zenye injini ya Honda GX160, zote hizo ni 21. Lakini B isikudanganye kwa upande wa magari, maana BKR uzi wake ni 14 na kichwa ni 16. Na msichukue herufi za NGK mkazipeleka kwenye plagi za kampuni nyingine. A7TC ya skuta, kwa mfano, inaanza na A na soketi yake ni 16. Ukichanganyikiwa, chukua vernia upime kichwa, biashara imeisha.

Sasa ugomvi wangu. Ndani ya kila soketi humu kuna mpira. Kazi yake ni kushika ile kauri nyeupe ya plagi ili isidondoke unapoitoa, na ikae katikati isigongwe. Wazo zuri sana. Angalieni vitendo.

Hii pikipiki plagi yake iko ndani, katikati ya mapezi ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Injini imepoa, msifungue plagi injini ikiwa ya moto, hedi ni aluminiamu na nyuzi zake ni laini. Kwanza napuliza. Mnaona vumbi hilo jekundu? Huyu mwenye pikipiki anapanda Muheza kila siku. Ukifungua bila kupuliza, mchanga wote huo unadondokea kwenye silinda. Haya, 16 inaingia... imeshika. Nalegeza... imelegea, nzuri, haijateleza, pembe sita zimekaa sawasawa. Namalizia kwa mkono. Sasa navuta juu.

Mmeona? Soketi imetoka. Plagi iko wapi? Mulika chini, mulika na simu. Plagi imebaki, na mpira umebaki nayo! Umevaa plagi kama kofia. Soketi ninayo mkononi, tupu.

Narudia msije mkasema nimepanga. Narudisha mpira ndani ya soketi, nausukuma mpaka mwisho, nashuka, nashika, navuta. Tena! Sisi Tanga tunasema waja leo waondoka leo, ila mpira huu ukishafika kwenye plagi hauondoki. Hapo unaanza kutafuta plaizi yenye mdomo mrefu, unapenyeza kwenye shimo, unavuta, mkono unagonga kauri. Kauri ikipata ufa hata mdogo, umeme unapitia kwenye ufa, pikipiki inakatakata, na utabadilisha kabureta bure.

Sababu yake naiona hapa. Mpira umewekwa tu, ndani hakuna mfereji wa kuushika. Kauri inaubana kuliko chuma kinavyoubana. Na oili ikiingia kidogo ndiyo kabisa. Unaweza kuugundisha kwa gundi, sawa, lakini nimenunua kitu kipya halafu nianze kukitengeneza?

Zipo zenye sumaku. Ninayo moja ya fundi hapa, 16. Sumaku haishiki kauri, inashika kile chuma cha plagi. Tazama, naitoa... inakuja yenyewe bila matatizo. Hii ndiyo raha. Ubaya wake inakusanya vumbi la chuma, ukiiacha juu ya meza ya kuchongea inarudi na ndevu. Ifute kabla hujaishusha kwenye shimo.

Ngoja, fundi ananiita. Unasemaje mzee wangu? ... Anasema mpira wenyewe hauhitaji. Anasema lete kipande cha mpira wa petroli, ule mrija wa kupitishia mafuta. Haya, huu hapa. Anauvika kwenye ncha ya plagi, ile ya kushikia kofia, anaishusha, anazungusha kwa vidole. Jamani, hii nzuri. Kwa sababu plagi ikianza kuingia upande, mpira unateleza wenyewe, nyuzi hazifi. Ukianza na recheti hutasikia chochote, utasikia siku unaambiwa hedi ikachongwe. Ikishaingia yote kwa vidole ndipo unaleta soketi.

Na kwenye kukaza, plagi mpya yenye washa, ile pete yake ya chuma, ikigusa chini ongeza nusu mzunguko. Ya zamani unayoirudisha, ongeza kidogo tu, kutoka saa sita kwenda saa saba za kwenye ukuta, siyo zaidi. Kwa wenye spana ya kupima, uzi wa milimita 10 ni nyutoni mita 10 mpaka 12, uzi wa 12 ni 15 mpaka 20. Ni kidogo mno. Mkono mrefu wa recheti unazidisha kabla hujajua.

Ndiyo maana, na hapa mtanishangaa, nikiitazama ile spana ya bomba inayokuja chini ya siti, ile ya kupitisha bisibisi ikawa mkono, siioni mbaya tena. Bomba lake jembamba, linapita kwenye mapezi. Hii 16 ya seti ukuta wake mnene, mnaona hapa imekwaruza pezi. Bomba lenye 16 upande huu na 18 upande wa pili, shilingi elfu tatu, elfu nne. Seti hii nimeachiwa kwa elfu kumi na nane baada ya kubishana sana.

Kwa hiyo nainunua tena? Kama una pikipiki moja, hapana. Chukua bomba la namba yako na kipande cha mpira wa petroli. Kama una kijiwe, wateja wanaleta Vespa asubuhi na CG mchana, chukua seti, mipira itoe uitupe kule, na 16 tafuta ya sumaku peke yake.

Wanaouliza habari ya video ya cheni, inakuja, kamera ilipata maji Pangani, imekauka. Kwenye maoni andikeni namba ya plagi yenu yote, herufi zote, msiniandikie tu "ya Boxer". Nitawajibu ni soketi gani.